Chai Haijaiva

Mama alikishika kikombe kwa viganja vyote viwili, akanusa, akanywa funda moja, kisha akakirudisha mezani taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Haijaiva," akasema.

Nikacheka nikidhani ananitania. Chai yenyewe nilikuwa nimeiandaa mbele ya macho yake, kwa madaha yote ya mtoto aliyetoka mjini: birika la umeme lenye vitufe sita, maji ya nyuzi joto 80, majani ya kijani kutoka China, dakika mbili nilizozihesabu kwenye simu. Mama hakucheka. Alinyanyuka, akachukua kikombe chake, akachukua na changu, akavimimina vyote viwili kwenye sufuria, akabandika jikoni, akaponda kipande cha tangawizi kwa mpini wa kisu na kukitupia humo.

Chai ya kijani ya Longjing. Kwenye sufuria. Na tangawizi.

Sikusema kitu. Ilikuwa Juni, ukungu wa Mufindi, kule nyanda za juu za Iringa, umeshuka mpaka usawa wa madirisha, na mimi nimevaa masweta mawili nikiangalia gesi inavyounguza zawadi yangu.

Zimepita wiki tano sasa, na neno lile moja halijanitoka kichwani.

## Vitufe sita

Birika nililetewa na rafiki yangu anayefuata mzigo Guangzhou. Nilimwagiza vitu vingine kabisa. Hilo aliliongeza kama zawadi, pamoja na kopo dogo la chai. Vitufe vyake ni 40, 60, 70, 80, 90 na 100, na kuna kioo kinachoonyesha joto likipanda namba moja moja. Siku za mwanzo nyumba nzima tulisimama kulitazama kama tunatazama penalti.

Mke wangu akauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza.

"Maji si yanachemka tu? Hayo ya 70 ni ya nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kulitafuta, na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza.

Kumbe majani ya chai hayatoi vitu vyake vyote kwa pamoja. Vile vinavyoleta utamu, na ule uzito fulani mdomoni unaokaribia mchuzi, hutoka hata kwenye maji yasiyo moto sana. Uchungu na ukakasi ndio hutoka kwa wingi joto likizidi. Chai ya kijani nayo haikuachwa igeuke rangi kiwandani: Wachina huikaanga kwenye karai, Wajapani huipiga mvuke, ili joto liue kimeng'enya ambacho kingelifanya jani liwe jeusi. Kwa hiyo vitu vyake vya ukakasi vimebaki humo humo, vinasubiri maji yako. Ukiimwagia maji yanayotokota, vinamwagika vyote. Nadhani ndiyo sababu wengi wetu tulipoionja mara ya kwanza tuliita dawa, tukaiacha kabatini hadi ikaingia mende.

Sikuamini mpaka nilipojaribu mwenyewe, Jumapili moja, gramu 3 kila kikombe, majani yale yale, dakika 2. Kimoja maji ya 80, kingine maji ya 100. Cha kwanza kilikuwa na harufu kama ya hindi bichi linalochomwa. Cha pili kilinikausha ulimi kama nimetafuna bibo.

Nyuzi 20 tu.

Kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa kuchosha. Nilijua kwamba gyokuro, chai ya kijani ya Wajapani, hutaka maji ya 50 au 60, ambayo kwetu ni maji ya kuogea. Nilijua kwamba chai nyeusi hutaka 95 kwenda juu, ikiwezekana 100. Ofisini nikawa nawaambia watu kwamba maji ya kwenye chupa, yaliyowekwa tangu saa moja asubuhi, hayawezi kutoa chai ya maana saa nne. Walinisikiliza kwa adabu, wakaendelea kumimina. Mke wangu akanipa jina: Bwana Nyuzi.

## Yamechemka?

Wasiwasi wa kwanza haukutoka kwa mama. Ulitoka bombani.

Dar maji ya kunywa tunachemsha. Hilo hatukufundishwa na kitabu, tulifundishwa na masika na kipindupindu. Sasa mimi nabonyeza 80, birika linafika 80, linazima, namimina. Ni mpaka wiki ya tatu nilipokaa na kujiuliza: haya maji yamechemka lini?

Hayakuchemka. Hata mara moja.

Nilisoma usiku ule kwa bidii ambayo sikuwa nayo shuleni. Sehemu moja ilinituliza: vijidudu vingi vya tumboni hufa maji yakiwa bado hayajafika kuchemka, na Shirika la Afya Duniani linataka hata maziwa ya unga ya mtoto mchanga yakorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi 70, kwa sababu joto hilo linaua vijidudu vinavyoweza kuwemo ndani ya unga wenyewe. Kwa hiyo 80 si mchezo. Sehemu nyingine ilinirudisha pale pale: kwa maji usiyoyaamini, ushauri unabaki kwamba yatokote. Sababu yake ni nyepesi na ya busara. Kutokota kunaonekana. Huhitaji kioo wala kihisi cha kupima joto, macho yanatosha, na huwezi kudanganywa.

Na kihisi changu kilikuwa na kila sababu ya kudanganya. Maji ya kisima cha mtaani kwetu yana chumvi, na yakikatika ya bomba ndiyo tunayotumia. Chini ya birika palishaota ukoko mweupe kama wa chungu cha wali, na kihisi kiko chini ya ukoko huo huo. Nilikuwa naung'oa kwa ndimu na maji ya moto kila mwisho wa mwezi, nikikumbuka.

Basi nikabadili utaratibu. Kwanza 100, yatokote mbele ya macho yangu, ndipo yasubiri yapoe hadi 80.

Hapo jambo moja likafa kimya kimya. Nilikuwa nimeshamtambia mke wangu kwamba birika hili linabana umeme wa LUKU, na kwenye karatasi ni kweli: kupeleka lita 1 ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 80 kunakula umeme pungufu kwa zaidi kidogo ya robo kuliko kuipeleka hadi 100. Ila kama unachemsha kwanza ndipo upoze, hiyo robo umeshaitumia. Na hata ungeiokoa, uniti moja inachemsha lita kama 10 hivi. Ni chenji ya pipi. Nilimrudishia maneno yangu, akayapokea bila kuficha kwamba anafurahi.

## 93

Nirudi Mufindi, asubuhi ya pili.

Nilikuwa na deni la heshima. Jana nimeshindwa na chai ya kijani. Leo nitatumia chai nyeusi ya kwetu, itokayo kwenye kiwanda ambacho moshi wake unauona ukiwa uani. Mama alichuma chai miaka mingi kwenye mashamba yale, kapu mgongoni, majani mawili na kichipukizi, vidole vikiwa na doa jeusi lisilotoka hata kwa mchanga. Chai hii anaijua tangu ikiwa na umande. Na chai nyeusi, kila niliposoma, inataka 100. Nikabonyeza 100.

Namba zikapanda. 85. 90. 92.

93.

Zikasimama hapo.

Maji yalikuwa yanatokota kabisa, mvuke unatoka kama wa treni, kioo cha dirisha kimeanza kutiririka. Kitufe bado kinawaka. Nikangoja. Dakika ikapita, ikapita ya pili. Birika likaanza kutembea mezani kwa kutetemeka. 93.

Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Linasubiri nini?"

Linasubiri 100, Mama.

Akaniangalia, akaliangalia birika, akaondoka. Nikachomoa waya ukutani kwa mkono wangu.

Fizikia hii niliisoma kidato cha pili na nikafaulu mtihani wake, ndiyo maana iliniuma. Nyumbani kwetu ni karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa imepungua uzito, haiyakandamizi maji kama inavyoyakandamiza ufukweni, kwa hiyo yanachemka mapema. Kwa kila mita 300 hivi unazopanda, unapoteza karibu nyuzi moja. Nairobi maji huchemka kwenye 94 au pungufu kidogo. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, huchemka karibu na nyuzi 80, yaani mtu akibeba jiko hadi Uhuru anaweza kunywa Longjing ya maji yanayotokota na isimkaushe ulimi.

Birika la kawaida, lile la bei nafuu la Kariakoo, lingezima bila wasiwasi wowote, kwa sababu halijui namba. Ndani yake kuna kibamba cha metali mbili zilizogandamana; mvuke ukikifikia kinajipinda na kukata umeme. Mvuke ni mvuke, uwe wa 93 au wa 100. La kwangu lina kihisi na ubongo mdogo. Limeambiwa 100, litaingoja 100 mpaka maji yaishe. Yapo mabirika ya aina hii yanayogundua kwamba joto limeacha kupanda, yakajizima. Langu halina akili hiyo.

Nikakaa kwenye kigoda na kupiga hesabu moja ya aibu. Mama amekunywa chai katika nyumba hii maisha yake yote ya utu uzima. Mimi nimelelewa hapa kwa chai hiyo, asubuhi na jioni, na viazi vitamu, na magimbi. Hakuna kikombe hata kimoja, katika maelfu yote hayo, kilichowahi kutoka kwenye maji ya nyuzi 100.

Ile 100 niliyokuwa nawasahihishia watu ofisini ni namba ya pwani.

## Tunaipika

Hapo ndipo nilianza kulisikia upya lile neno.

Sisi chai tunaipika. Tunabandika chai, inachemka, inaiva, tunabandua, tunachuja. Ni maneno ya wali na maharage. Majani kuyaloweka kwenye maji ya moto na kuyaondoa baada ya dakika mbili, kwa mama, ni kama kuyaonyesha maharage moto kisha kupakua. Nilipomsikia mara ya kwanza, nakiri, nilifikiri ni ushamba, na nikajisikia mwema kwa kunyamaza. Sasa naona alikuwa anataja kosa kwa jina lake.

Maana majani anayoyajua yeye yametengenezwa kwa ajili ya sufuria. Chai nyingi ya Tanzania na Kenya hupitishwa kwenye mashine za CTC, rola zenye meno zilizobuniwa Assam, India, kwenye miaka ya 1930. Zinaliponda jani, zinalichana na kulikunja mpaka linakuwa punje ndogo kama ulezi. Punje hizo hazina haja ya kubembelezwa, zinatoa rangi mara moja. Ukakasi wa jani bichi umeshageuka kiwandani kuwa vitu vingine, ndivyo vinavyoipa chai wekundu wake, na ule uliobaki maziwa yanaukamata. Ukizipa punje hizo dakika mbili za adabu kwenye maji ya 80 unapata maji ya rangi ya kahawia yenye kiburi.

Mama anazipa dakika kumi. Joto lililopungua analifidia kwa muda, bila mtu kumwambia kwamba limepungua.

Asubuhi ile nilimtazama akipika kama vile sijawahi kumwona. Alitumia birika lake la zamani la bati kuchemsha maji, na hakulifunua hata mara moja. Alikuwa anachambua mboga amelipa mgongo. Likaanza kuchachatika, likanguruma, kelele zikapanda. Nikanyanyuka nilitoe.

"Bado. Linapiga kelele. Likishanyamaza ndiyo tayari."

Na kweli kelele zilipungua, ikabaki sauti nzito ya chini, ndipo akageuka. Nilipitia maelezo yake baadaye: mapovu ya mvuke yanapoanza kutoka chini hukutana na maji ya juu ambayo bado hayajapata moto, yanapasuka, na kupasuka huko ndiko kelele. Maji yote yakishafika, mapovu yanapanda salama hadi juu, birika linatulia. Mama anapima kwa sikio, na kipimo chake kinasoma sawasawa Mufindi na Dar. Mchina mmoja, Lu Yu, aliyeandika kuhusu chai katika karne ya 8, naye hakuwa na namba: alitaja mapovu ya kwanza kama macho ya samaki, kisha yanayopanda ukingoni kama shanga zilizotungwa, mwisho mawimbi, na maji yakipita mawimbi hayo alisema yamezeeka. Nilitamani kumwambia mama habari hizo, nikaona nimeshasema mengi safari hii.

Ila haki iwe kwa wote. Ile Longjing yake ya sufuria na tangawizi ilikuwa chungu kama mwarobaini. Aliionja, akatia sukari vijiko vitatu, akaionja tena.

"Hata ikiiva haifai," akasema, na akaimaliza yote, kwa sababu nyumba yetu haimwagi kitu.

## Kisahani

Namba moja tu nilithubutu kuitaja, kwa sababu haikuwa ya utani. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vinywaji vya moto sana, vinavyonyweka vikiwa zaidi ya nyuzi 65, kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Saratani hiyo iko juu katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki, na moto wa kinywaji si sababu pekee inayotajwa. Marehemu baba alikunywa chai ikiwa bado inafuka, na alijivunia hilo, akitucheka sisi tunaopuliza. Kwa hiyo nilimwambia mama: ipike unavyotaka, lakini usiinywe hapo hapo.

Mama alikuwa tayari anamimina chai yake kwenye kisahani, kidogo kidogo, anavyofanya siku zote, sahani inashika ukingo wa dirisha wenye baridi.

"Baba yako ndiye alikuwa hasikii," akasema.

## Simu ya Jumamosi

Birika nililiacha Mufindi. Nilijiambia ni zawadi. Ukweli ni kwamba sikutaka kulibeba tena kwenye basi saa zote zile na lile neno likiwa ndani yake.

Dar naendelea kunywa chai ya kijani, sijaacha, na bado naipenda isiyoungua. Nachemsha maji kwa sufuria mpaka yanatokota, namimina kwenye kikombe kitupu, kutoka hapo kwenye kingine, ndipo kwenye majani. Kila ukihamisha maji yanapoteza kama nyuzi 10, na kwa kuwa huku ni pwani, naanzia 100 ya kweli. Mara nyingine natega sikio kwanza. Mke wangu anasema ugonjwa umebadilika tu, haujapona.

Jumamosi iliyopita mama alipiga. Shikamoo, marahaba, kamwene, hali ya hewa, ng'ombe wa jirani, mtoto wa fulani kaolewa. Kisha:

"Mwanangu, lile birika lako. Ile namba ya kwanza."

"Arobaini?"

"Hiyo hiyo. Nzuri sana kwa maji ya hamira. Maandazi jana yaliumuka mpaka yakafunua beseni."

Nikamuuliza zile nyingine anazitumiaje.

"Zipi?"